Chiriku, Nyani na Mpiga Kelele

Ushairi wetu wa Kiswahili una deni kwa watoto wenye makelele. Watoto umo nao, tena wengi. Lakini aghlabu wamekaa kitako, wamenyamaza, wanausiwa. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake mnamo mwaka 1858, alimtungia bintiye Mwana Hashima, na binti huyo hatumsikii akitamka hata neno moja. Shaaban Robert naye aliwatungia wanawe wawili, wa kike Utenzi wa Hati na wa kiume Utenzi wa Adili. Humo nako mzazi hunena na mwana husikiliza. Sizilaumu tenzi hizo. Wasia hautolewi katikati ya zogo, na anayejua mauti yako karibu ana haki ya kutaka kimya. Ninacholalamikia ni kwamba waliokuja baadaye wameugeuza utulivu ule kuwa kanuni, hata mtoto asiyenyamaza akakosa mlango wa kuingilia katika beti.

Ajabu ni kwamba lugha yenyewe, ile ya uani na barazani, haina upungufu huo. Ina mtundu, ina mtukutu, ina mkorofi, na watatu hawa si mtu mmoja. Mkorofi ana nia mbaya. Mtukutu hana nia yoyote ila mwili wake haukubali kutulia. Mtundu ana akili inayotafuta pa kuchezea, na ndiyo maana fundi hodari nae huitwa mtundu wa kazi yake, akafurahi. Juu ya hayo kuna majina ya mzaha ambayo mzazi huyatumia pale ambapo hasira haijafika na subira imekwisha: chiriku hawa, tumbili hawa, nyani wee. Ni majina hayo ninayotaka kuyazungumza, kwa sababu nimelazimika kuyapima moja moja katika kazi ya kutafsiri.

Kikantoni, lugha ya Guangdong na Hong Kong, kina neno la utani kwa watoto wanaopiga makelele: waa gwai. Waa ni ghasia ya sauti. Gwai ni mzimu, pepo, kiumbe asiyeonekana. Kwa hiyo darasa la watoto wasionyamaza ni kundi la mapepo ya makelele. Mfasiri mwenye haraka ataandika hivyo hivyo, mapepo ya makelele, na kuendelea na sentensi inayofuata. Atakuwa ameandika maneno sahihi yenye maana isiyo sahihi. Katika Kikantoni gwai limeshikwa na mikono mingi mpaka ncha zake zimelika. Mlevi ni gwai wa pombe, mlafi ni gwai wa kula, na hakuna anayemwita mganga. Kwetu visiwani pepo hajafika huko. Mama wa Pemba akisema mwanawe ana shetani, jirani haulizi mzaha uko wapi. Huuliza mtoto amepelekwa kwa nani. Kilosa nako, kwa Wasagara na Wakaguru, mizimu ni wazee waliotangulia, na mtu hawataji ovyo kwa sababu ya watoto wanaogombania mpira wa matambara. Neno la dhihaka linataka kitu kilichozoeleka hata kikapoteza makali. Kwa Wakantoni kitu hicho ni pepo. Kwetu ni ndege.

Chiriku ndiye mwenye kiti. Ni ndege mdogo apigaye kelele nyingi kupita kimo chake, na kamusi zetu humtaja pia kwa maana ya mtu wa maneno mengi. Wengine wangependelea kasuku, lakini kasuku hukariri, na mtoto anayepiga makelele hakariri chochote, huvumbua. Nyenje nae ana sauti moja ndefu isiyo na kituo, hafai. Chiriku anazo zote: wingi, wepesi, kukatizana, na ule udogo unaomfanya mtu ashindwe kukasirika sawasawa. Laiti ningekuwa nimeandika kwa wasomaji wa Unguja peke yao, ningeishia hapo na kumshukuru Mola kwa kunipa neno.

Lakini Kiswahili hakikuishia ufukweni. Njia za misafara ya karne ya 19 zilizotoka Bagamoyo zilipanda kwa bonde la mto Mkondoa kwenda Ugogo na Unyamwezi. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857. Kiswahili kilipanda pamoja na mizigo hiyo, na reli ya kati ilipojengwa na Wajerumani, Kilosa ikawa kituo chake. Neno la pwani lililofika bonde la Mkondoa lilikutana na watu wenye kazi nyingine na wanyama wengine, na halikubaki vile vile. Hili wahakiki wetu wa visiwani huwa hawalipi uzito. Tumezoea kudhani kwamba lugha huondoka kwetu ikiwa nzima na kufika bara ikiwa imepungua. Katika jambo hili la watoto na makelele yao nadhani ni kinyume: ukitaka kujua chiriku ana maana gani, nenda mahali ambapo ndege ni jambo la chakula.

Wilaya ya Kilosa hulima mpunga, mahindi, mtama, na kwa muda mrefu mkonge. Kilangali na Tindiga ni nchi ya mpunga. Mpunga na mtama vikianza kukomaa, adui huja kwa mbawa, na mkuu wao ni kwelea. Huyu ni ndege ambaye ukimweka kiganjani huhisi uzito, na kwa siku hula takriban gramu 10 za nafaka. Gramu kumi si kitu, ila kwelea hawaji mmoja mmoja. Kundi lao huweza kuwa la mamilioni, na shamba lililoonekana asubuhi limejaa huweza jioni kubaki makapi. Serikali huwapulizia dawa kwa ndege ya angani. Mkulima mdogo hana ndege ya angani. Ana watoto.

Kazi hiyo ina maneno yake, na ni maneno mazuri ambayo nasikitika kuona yanaanza kupotea katika maandishi: kuamia, yaani kulinda shamba lisiingiliwe, kuwinga, yaani kufukuza ndege kwa sauti na vishindo, dungu, ile jukwaa ya miti anayokaa mlinzi ili aone shamba lote, kombeo la kurushia mawe. Mtoto aliyepanda dunguni alfajiri hakupelekwa huko ili anyamaze. Amepelekwa apige kelele. Hupiga debe, hupiga ukelele, huimba, humwita mwenzake wa dungu la pili, na huyo humwitikia. Kwa mwezi mzima sauti yake ni sehemu ya mavuno sawa na jembe la baba yake. Akinyamaza ndipo anapogombezwa.

Hapo ndipo ninapoona methali zetu zinageuka sura. Debe tupu haliachi kuvuma, twasema, na sote tunaijua dharau iliyomo: mwenye sauti hana kitu ndani. Methali hiyo ni ya mjini, ya mahali ambapo debe ni la kutilia mafuta ya taa au mchele, na likiwa tupu halina faida. Pembezoni mwa hifadhi ya Mikumi debe tupu ni silaha. Usiku tembo wakiingia katika mahindi, linalowasimamisha ni debe tupu pamoja na moto na watu wenye mapafu. Debe lililojaa halingesaidia lolote. Ngoma ya watoto haikeshi, twasema pia. Na dunguni haina haja ya kukesha, inatakiwa mchana, kwelea wanapokula.

Sasa mrudishe chiriku mahali hapa. Mzazi wa Unguja anayewaita wanawe chiriku anawafananisha na ndege wa mtini anayempigia kelele asubuhi. Mzazi wa Kilosa anayewaita hivyo hivyo anawapa jina la upande wa pili wa vita. Wale wanaofukuza ndege wameitwa ndege. Utani umeongezeka tabaka: kelele zenu ni kama zao, na mdomo wenu pia. Kwa kuwa mtoto nae hula. Katika kaya yenye watoto saba na gunia moja, hilo si jambo dogo, na ndiyo maana husemwa kwa kucheka. Nilipofika hapo nilikumbuka kwamba Kikantoni kina jina jingine la mzaha kwa watoto, faa gwat lung, joka linaloyeyusha mifupa, kwa maana kwamba watoto humla mzazi mpaka mifupani. Mji wa maghorofa na bonde la mtama vimefika pamoja bila ya kupeana habari.

Nyani ni mgumu zaidi. Kikantoni humwita mtoto mtundu maa lau, yaani tumbili, na hapa mfasiri hana taabu ya pepo. Waingereza nao hufanya vivyo hivyo. Tungeweza kuweka tumbili na kupita. Lakini tuwe waangalifu na nani anamjua mnyama gani. Unguja tuna kima, na kule Jozani kima punju; Pemba wana tumbili; nyani wa porini hatuna. Kwa hiyo nyani wa mtoto wa Mji Mkongwe ni nyani wa kitabuni na wa methali, anayechekesha kwa sababu hayupo. Mikumi yupo. Hifadhi ile ilitangazwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa hadi Zambia huikata kwa takriban kilomita 50. Abiria wa basi huwaona nyani wa manjano wameketi kandokando ya lami kama watu wanaosubiri gari. Watafiti wamekuwa wakiwafuatilia nyani wa Mikumi tangu miaka ya 1970, na moja ya mambo yanayojulikana vizuri ni ule mlio wa dume, wa silabi mbili, unaosikika mbali. Abiria hucheka na kurusha ganda la ndizi, jambo ambalo sheria ya hifadhi hailiruhusu.

Mkulima hacheki. Nyani hung'oa mbegu iliyopandwa jana, huvunja mhindi mmoja, akauma mara mbili, akautupa, akavunja mwingine. Hamwogopi mwanamke, na mtoto ndio kabisa. Mwalimu akimwita mwanafunzi wa kijiji kinachopakana na hifadhi nyani wee, hajamwita mchekeshaji. Amemwita mwizi asiye na haya, na pengine mtoto yule jana alitwa kumlinda nyani huyo huyo asiingie shambani badala ya kuwa darasani. Nimesoma mashairi ya watoto, ya watunzi wa mjini, ambamo nyani huruka na kufurahi na mtoto hualikwa aruke nae. Hayana ubaya. Ila yametungwa na mtu aliyemwona nyani kupitia dirisha la basi, na yakisomwa Mikumi naamini yatazua vicheko pasipotarajiwa na mtunzi.

Kwa bahati jina la mahali penyewe lina sauti ndani yake, ingawa kwa njia ya kuzunguka. Mikumi ni miti, ile mivumo mirefu yenye majani kama kipepeo cha mkono. Pwani mti huo huitwa mvumo, na mvumo ni pia sauti ya kitu kinachovuma. Sidai kwamba jina la mti limetoka katika kitenzi. Maneno mawili yanaweza kufanana kama watu wawili wasio na nasaba. Lakini mshairi hahitaji hati ya ukoo. Ninashangaa tu kwamba sijakutana na mtunzi aliyelitumia hilo.

Yote niliyoyataja ni majina ya mdomo, na jina la mdomo lina kinga yake: husemwa, watoto hutulia au hawatulii, likapita na upepo. Kuna jina jingine lisilopita. Kila aliyesoma shule ya msingi ya Tanzania analijua. Mwalimu akitoka darasani, kiongozi wa darasa huchukua karatasi na kuandika juu yake: wapiga kelele. Chini yake huorodhesha wenziwe, na anayerudia huongezewa alama mbele ya jina. Mwalimu akirudi hupewa karatasi, na yanayofuata ni viboko. Ni aina ya uandishi iliyoenea kuliko utenzi wowote tulionao. Huenda ndiyo maandishi ya kwanza ambayo Mtanzania huandika kwa ajili ya msomaji mwingine yakawa na matokeo. Ninasema hili bila ya mzaha.

Tazama tofauti. Chiriku ni jina la wote kwa pamoja; haliulizi nani alianza. Mpiga kelele ni mtu mmoja, mwenye jina la baba. Chiriku halina wingi wala umoja unaobadilika, chiriku mmoja, chiriku kumi, na mtoto hujificha ndani ya kundi lake. Mpiga kelele ametengwa kwa kalamu. Aitwaye chiriku amekwisha kusamehewa kabla ya jina kumalizika. Aitwaye mpiga kelele ameshitakiwa. Na mtoto wa Kilosa aliyepigiwa makofi Jumamosi dunguni kwa ukali wa ukelele wake, huandikwa Jumatatu kwa ukelele ule ule. Hajabadilika yeye, limebadilika paa lililo juu yake.

Neno kelele lenyewe lina kigeugeu cha namna hiyo. Kamusi za zamani zinatuonesha kwamba likitamkwa peke yake kwa nguvu, Kelele!, huwa na maana ya nyamazeni. Amri ya kuzima sauti ni jina la sauti, na aitoaye hulazimika kuwa mwenye kelele kubwa kuliko wote chumbani. Walimu wetu wote wamewahi kuwa wapiga kelele kwa maana hiyo, na hakuna aliyewaandika.

Yupo atakayenijibu kwamba ushairi umekwisha kumpa mtoto sauti, na atanitajia ngonjera. Ni hoja ya haki. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ugogo, ng'ambo tu ya milima ya Kilosa, ndiye aliyeipa ngonjera nguvu, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilivyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970 viliingia mashuleni kote. Watoto walisimama mistari miwili, wakajibizana mbele ya mgeni rasmi kwa vina na mizani, na sauti zao zilisikika mpaka nje ya uwanja. Nimeziona ngonjera nzuri sana. Lakini katika ngonjera mtoto hupewa maneno ya mtu mzima na hutakiwa ayaseme kwa nguvu. Kiasi cha sauti ni cha mtoto, mazungumzo si yake. Mtoto wa dunguni anayemwita mwenzake hakuandikiwa cha kusema.

Basi mfasiri afanye nini na waa gwai? Nilijaribu kwanza lile la shuleni, kwa sababu lilikuwa tayari na mizani yake:

Enyi wapiga kelele, nyamazeni nawambia.

Hesabu: nane na nane. Mizani imekamilika, hakuna wa kunilaumu kwa arudhi. Na mshororo huo ni wa kiranja. Hakuna mama ndani yake, hakuna hata tabasamu la upande mmoja wa mdomo. Nikajaribu mapepo, na nimekwisha kueleza kwa nini nikayafuta, msomaji mmoja wa rasimu ile, mwanamke mtu mzima wa shamba, alinirudishia karatasi akaniambia, "Mwanangu, hili usilisome magharibi." Mwisho nikaja kwa ndege, lakini ndege wa Kilosa, si wa mtini kwetu:

Chiriku wangu tueni, kelele zimezidia,
Jua limefika chini, Mkata umetulia.

Mkata ni ule mto na uwanda wake unaoenea kutoka Kilosa mpaka ndani ya hifadhi. Katika matini ya Kikantoni hapana mto wala uwanda, kuna ngazi za nyumba ya ghorofa na mama aliyechoka, na wapo watakaosema nimevuka mpaka wa kazi yangu. Nakubali kuulizwa. Jibu langu liko katika neno tueni, ambalo ndilo lililonifanya niache kutafuta. Ndege hutua mtini, mchukuzi hutua mzigo, jua nalo hutua. Na kutulia ni mtoto wa kutua, kwa sarufi iliyo wazi. Mama anayewaambia tueni amewaamuru washuke dunguni, waweke debe chini, na wanyamaze, kwa kitenzi kimoja chenye silabi tatu, bila ya kumwandika mtu jina.